Mwezi Ule Milima ya Ng'ambo Ilipotea

Nikuulize kwanza, weye uliyekaa hapo umefunga kitambaa shingoni: leo asubuhi ulipofungua mulango, kitu gani ulikiona cha kwanza? Usiniambie hukuona kitu. Hata mu nyumba ya giza kitu iko. Iko buibui, iko vumbi inacheza pale jua linapoingia. Fikiri kidogo, miye nangoja. Siku hizi nina nafasi ya kungoja.

Umeona kuku? Vizuri. Kuku wa rangi gani? Aa, hukuangalia! Basi sogea hapa nikuhadithie, na nikimaliza utarudi kumwangalia yule kuku vizuri.

Miye ni Hadija. Wengi wananiita Bibi wa Michikichi, juu nyumba yangu iko kati ya michikichi minne, chini ya njia inayotoka Gatete kwenda sokoni Rumonge. Mama yangu alizaliwa ng'ambo, nyuma ya ile milima ya upande wa pili wa ziwa, akavuka na mutumbwi miye nikiwa tumboni. Kwa hiyo ile milima naiangalia tangu mutoto, kama mutu anavyoangalia mulango wa kwao. Kumbuka hiyo, tutaikuta mbele.

Ugonjwa wangu ulikuwa huuhuu wako, malale. Ulianza na kichwa. Kiisha homa, inakuja inaenda, inakuja inaenda, kama mugeni asiyejua kama atakula au hatakula. Kiisha miguu ikavimba, ngozi ikaniwasha. Kiisha usingizi. Na usingizi wenyewe si ule wa watu! Usiku miye macho wazi, nasikiliza panya. Muchana nalala. Siku moja nilikuwa nakoroga mawese kwenye chungu, usingizi ukanikamata nimesimama, mwiko mukononi. Asha, muke wa mutoto wangu Juma, ndiye alinikuta, mawese inamwagika na moto unaruka.

"Mama! Unataka kutuchoma?"

"Sikulala," nikamwambia. "Nilikuwa nafikiri."

"Unafikiri kwa kukoroma?"

Yule Asha! Ulimi wake unakata kuliko kisu cha kupasulia samaki. Na miye kwa ugonjwa nilikuwa mubaya sana, nikubali. Nilimutupia chekecheo. Nilimwita majina ambayo hata sikujua kama nayajua. Nilikuwa nalia bila sababu, nacheka bila sababu. Ukiona mutu wako wa malale anakutukana, hapana kuweka moyoni, si yeye, ni ule ugonjwa umekalia ulimi wake. Lakini Asha hakujua. Alifikiri ni uvivu. Juma alifikiri nimerogwa. Mujukuu wangu Zena tu, mutoto wao wa kwanza, musichana aliyekuwa ameanza kujifunga kanga vizuri, yeye hakufikiri kitu, alikuja tu kukaa karibu na miye na kunitikisa chakula kisianguke.

Sasa wakati ule wapapasi wakaanza kupita. Unawajua, wale waliotumwa na munganga wa Kidachi, Mujerumani, kupapasa watu shingo. Wakisikika kijijini, watu wanakimbilia kwenye matete, watoto wanabebwa, mbuzi wanabaki peke yao kama ndio wenyeji. Juma alitaka kunipeleka kwa mutumbwi mpaka Kabonga kwa shangazi yake, nijifiche huko.

"Wanafungia watu kwenye kambi, Mama. Wanachoma watu sindano mpaka macho inakufa."

Miye nikasema sawa, nitaenda. Lakini asubuhi ile wapapasi walipofika, nilikuwa nimekaa mulangoni, na nikataka sana kujua: hawa watu wanatafuta nini mu shingo za watu? Iko nini pale? Nikafungua kitambaa changu mwenyewe, nikasema, "Karibu, papasa." Juma alishika kichwa.

Aliyenipapasa jina lake Bwana Sefu, mutu wa pwani ya bahari ya chumvi, mupole, ndevu zimechanwa vizuri. Alipapasa na macho amefunga, vidole taratibu, kama mwanamuke anayechagua maharagwe.

"Iko," akasema.

"Iko nini?"

"Vivimbe kama maharagwe, mbili hapa, moja hapa."

"Basi tafuta na chumvi, tupike."

Alicheka mpaka akasahau kufungua macho. Na pale pale niliona kitu, nikakiweka moyoni: alipofungua, aliangalia pembeni ya uso wangu, si uso wenyewe.

Kambi ilikuwa hii hii, hapa chini ya Rumonge karibu na maji, banda refu la majani, upande wa ziwa limeachwa wazi. Sisi wa karibu tuliruhusiwa kulala nyumbani, mradi turudi. Siku mbili sindano, siku kumi nyumbani, siku mbili sindano, siku kumi nyumbani. Tuliacha hata kusema mwezi. Tulisema, "Mutoto wa fulani alizaliwa sindano yangu ya tatu." Ukichomwa, mukono unakuwa muzito, tumbo linageuka, mudomo unaonja chuma. Utatapika. Hapana kuona haya, sote tulitapika. Chukua ndimu ndogo ya kunusa, inasaidia.

Lakini sindano si kitu. Kazi ni kungoja. Tulikaa kwenye magogo ya michikichi, mustari murefu, kuanzia jua linapotoka. Karibu na miye alikaa Mama Nzeyi, mukulima wa huko juu mulimani, mwembamba na kiko chake mudomoni, Kiswahili chake nusu na Kirundi chake nusu. Yeye usingizi ulimukamata shambani, akaanguka kwenye maharagwe yake, mume akafikiri amekufa akaanza kulia, yeye akaamka akamuuliza, "Nani amekufa?" Alinihadithia hiyo kila sindano, na kila sindano nilicheka.

Na mulangoni pa banda alikaa Muzee Kibwana. Huyu sindano ilimutoa usingizi kabisa, alikuwa na nguvu, anakula, anaongea. Lakini macho yake ilizimika. Taratibu, akasema, kama mutu anafunga pazia kutoka pembeni. Kila mutu akipita alimukamata nguo. "Leo umevaa rangi gani?" Tulimujibu.

Sasa umeelewa tulikuwa wapi. Ukiacha sindano, usingizi unakula wewe mpaka mwisho. Ukiendelea na sindano, labda ni macho. Kwa hiyo munganga wa Kidachi, ambaye alipita mara moja moja tu, aliacha amri: kabla ya kuchoma, mutu aulizwe kama anaona mbali. Akiona vibaya, sindano isimame. Bwana Sefu akapata njia yake. Unakaa kwenye kigoda, uso kwa ziwa. Anakuuliza:

"Milima ya ng'ambo iko?"

Ukisema iko, unatoa bega. Ukisema haiko, unarudi nyumbani, na jina lako anaweka alama ya makaa.

Mu masika kazi hiyo ilikuwa rahisi. Mvua ikipita, milima ya ng'ambo inakaribia mpaka unataka kuigusa, unaona hata mikunjo yake. Iko, iko, iko, mustari unakwenda.

Sindano yangu ya tano, niliamka. Sijui niseme namna gani ingine. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba, na nikasikia ndege wakigombana kwenye muchikichi, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka vikapu vyao vya kulalia. Nikaangalia juu. Mumoja alikuwa anararua jani kutoka juu kwenda chini, uzi mwembamba sawasawa, anakimbia nao mudomoni kama fundi amechelewa. Nikasema, tangu lini? Michikichi yangu mwenyewe, miaka yote, sikuwahi kuangalia wanararua vipi!

Kuanzia hapo, weye, kila kitu kilikuwa kipya. Tulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati watu wanasema hakuna kitu cha kuona, majani imekauka, vumbi tupu. Waongo! Ule muti wa murinzi nyuma ya nyumba ulikuwa umetupa majani yote, hata moja halikubaki, na ukavaa maua nyekundu juu ya matawi matupu, kama mutu aliyeuza nguo zote akanunua kofia. Ziwa asubuhi ilikuwa rangi ya chuma, muchana inageuka kijani kabisa. Nilimuona mbung'o, yule yule aliyenipa ugonjwa, ametua kwenye kikapu. Kabla ya kumuua nilimuangalia. Unajua anakunja mabawa moja juu ya ingine, kama mikasi iliyofungwa? Inzi wa kawaida hafanyi hivyo. Kiisha nikamuua, hapana kufikiri nimekuwa mujinga.

Nilimuita Zena kuona kila kitu. "Zena, kuja! Chungu wanahamisha mayai!" "Zena, kuja! Huyu mujusi hana mukia!" Asha alipita na mutungi kichwani akasema, "Alipolala tulipata kelele ya kukoroma, sasa ameamka hatupumui." Lakini alikuwa anatabasamu, niliona.

Kiisha ikafika sindano ya nane.

Tulifika kambini na Zena, maana yeye ndiye alinisindikiza. Mustari mbele yetu ulikuwa na kitu. Watu wanaingia wanatoka haraka, bega kavu. Mumoja anatoka analia. Kijana wa kuvua ndagala, wale dagaa wa ziwa, anatoka ameshika kichwa. Nikauliza, nini? "Amenisimamisha. Siioni milima."

Mama Nzeyi akaingia mbele yangu. Nikasikia Bwana Sefu: "Milima iko?"

"Ego, ndayibona!" Ndiyo, naiona. Kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Mingapi?"

"Saba!"

Akachomwa. Alipotoka akaninong'oneza, "Sema iko, dada. Usingizi ule miye sirudi."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikaangalia ng'ambo. Weupe. Weupe tu, kama maziwa imemwagika kutoka mbinguni mpaka kwenye maji. Nikamugeukia Zena aliyesimama nyuma yangu.

"Zena. Milima iko?"

Zena akaangalia ziwa. Kiisha akaniangalia miye.

"Iko, Bibi. Ile pale. Sema iko."

Basi nikajua. Kama iko, na miye siioni, pazia la Muzee Kibwana limenifikia. Ningeweza kusema saba kama Mama Nzeyi. Lakini nilifikiri juu ya yule ndege na uzi wake wa jani. Nilikuwa nimempata juzi tu. Sikutaka kumupoteza kwa uongo wangu mwenyewe.

"Bwana Sefu," nikasema, "miye siioni."

Alisikitika, nilisikia. Aliinamia karatasi yake mpaka pua inagusa, akachora alama. Alipoinuka kunisindikiza, akakanyaga kuku wa mulinzi wa kambi, amelala wazi kabisa mulangoni. Kuku akapiga kelele, Bwana Sefu akaomba musamaha kwa kuku. Hata kwa huzuni yangu ile, hiyo pia nikaiweka moyoni.

Nyumbani Juma alisema, "Si nilikuambia? Macho!" Zena yeye hakula.

Siku zile niliamka mapema, natembea kati ya michikichi, najipima. Ndege? Namuona. Uzi mudomoni mwake? Nauona. Nikainama: chungu, namuona, hata miguu yake, hata mwenzake anayemupokonya mzigo. Nikaangalia kiwavi, nywele zake naziona moja moja. Kiisha nainua macho ng'ambo: weupe. Sasa nikaanza kustaajabu. Macho gani hii inaona muguu wa chungu na haioni mulima? Kama ni pazia, Muzee Kibwana alisema linatoka pembeni. Pembeni yangu iko wazi. Nilisahau hata kuogopa, nilitaka tu kujua.

Lakini siku ya sita baada ya sindano niliyonyimwa, nilikuwa nakula mukeke mbele ya nyumba. Nilipofungua macho, mukono mutupu, na kuku anamalizia samaki wangu. Nililala, weye. Muchana, kipande mukononi. Hapo sikustaajabu tena. Hapo niliogopa. Ule usingizi ulikuwa umekwisha kujua njia ya kurudi.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kukaa kwenye muchanga, pale wanawake wanapoanika ndagala. Matete yote ilikuwa imekatwa kwa amri, mbung'o wasikae humo, pwani imebaki wazi kama kichwa kilichonyolewa. Nikaangalia weupe. Asha akaja na kikapu chake, akaanza kumwaga ndagala kwenye muchanga, zinang'aa. Akaniangalia mara mbili.

"Mama, kila siku unaangalia nini huku?"

"Milima."

"Milima gani?"

"Ya ng'ambo, Asha. Najua iko. Miye tu siioni."

Akaweka kikapu chini.

"Nani amekuambia iko?"

"Zena. Mbele ya Bwana Sefu."

"Zena ni muongo!" Ulimi ule ule wa kisu. "Milima ya wapi? Mwezi huu lini uliona milima, Mama, umesahau unakaa wapi? Watu wanachoma majani huko juu, moshi umejaa ziwa nzima mpaka mvua ije ioshe. Juzi Juma alirudi na mutumbwi, miye nimesimama hapa hapa, sikumuona mpaka alipokohoa!"

Miaka yangu yote, weye! Kila mwisho wa kiangazi milima inaondoka, mama yangu alikuwa anasema imekwenda kutafuta mvua. Nilijua. Nilijua kabla ya kujua kutembea. Lakini kichwa kilichotoka mu malale ni kama nyumba iliyohamwa, vitu iko lakini haiko mahali pake. Na mutoto ninayempenda aliniambia iko.

Nikalia, nikacheka, sijui kipi kilitangulia. Asha akakaa chini kwenye muchanga, yeye asiyekaa kamwe, akanifuta na kanga yake yenye harufu ya ndagala.

"Usilie, utaharibu hayo macho ambayo watu tunayapigania."

Watu tunayapigania. Alisema "tunayapigania". Hiyo pia niliiweka.

Zena tukamuita. Alisimama na kichwa chini.

"Nilifikiri ukisema iko, utachomwa," akasema. "Sikutaka ulale tena, Bibi. Sikujua utasema ukweli."

"Kwa hiyo miye ndiye mukosefu, juu nilisema ukweli?"

"Ndiyo," akasema, na Asha akageuka upande wa ziwa asionekane anacheka.

Sindano iliyofuata, ambayo haikuwa yangu tena, tulikwenda, miye na Zena. Nilikuta magogo nusu tupu. Wakweli wote walikuwa nyumbani, wanaanza kulala. Waliobaki ni wale waliosema saba. Nikangoja mpaka mustari ukaisha, nikamuambia Zena akae nje, nikaingia. Nikasimama kimya. Bwana Sefu alikuwa anaosha vyombo vyake, akanipita kama nguzo ya banda.

"Bwana Sefu."

Akashituka. "Ni Bibi wa Michikichi? Sikukusikia."

"Hukunisikia, au hukuniona?"

Akarudi kwenye vyombo vyake.

"Mwanangu," nikasema, "weye milima ya ng'ambo unaiona?"

Akaweka vyombo chini. Kiisha akakaa kwenye kigoda chetu, kile cha wagonjwa.

"Bibi, tangu nifike hapa sijaiona hata siku moja. Karibu naona, sindano naona, mushipa naona. Mbali ni ukungu tu, tangu utoto. Najua milima iko kwa sababu ninyi munasema iko."

"Sasa haiko."

"Haiko?"

"Imekwenda. Kila mwaka inakwenda, moshi unaifunika. Umewafukuza watu wenye macho mazima, na umewachoma waongo."

Akashika uso. "Nikisema kwa munganga, watanirudisha pwani. Na hapa kati ya wote, anayejua kuchoma ni miye peke yangu." Hakusema kwa kujitetea. Alikuwa anahesabu nani atakufa.

Naweza kukuambia leo, juu yeye mwenyewe baadaye alimuambia munganga, na akapewa miwani, na siku ya kwanza aliyoivaa alitembea pwani nzima akiangalia kama ndama. Lakini siku ile siri ilikuwa yetu wawili, na tulihitaji kitu cha kuonyesha watu ambacho hakiondoki na moshi. Miye, baada ya siku kumi za kuangalia, vitu nilikuwa navyo vingi.

Tukafanya hivi. Zena anasimama pale nje ya banda, kwenye muchikichi wa tatu, mbali kidogo. Mukono mumoja iko nyuma. Anainua ua jekundu la murinzi, au jani kijani, au mukono mutupu. Mugonjwa kwenye kigoda anasema anachokiona. Kiisha Zena anakuja mpaka karibu na Bwana Sefu, anamuonyesha alichoshika, na kusema: ameona, au hakuona. Rahisi. Nilikaa wa kwanza.

"Ua!" nikasema. "Na liko na chungu juu yake."

Zena akaja. "Ameona. Chungu pia."

Nikatoa bega. Sijawahi kufurahia chuma mudomoni vile.

Tukatuma watu kuwaita wale wote wenye alama ya makaa. Walirudi, wengine wamebebwa, wamekwisha kuanza kusinzia. Kijana wa ndagala alirudi na mama yake. Ua, jani, mukono mutupu. Ameona, ameona, ameona.

Kiisha akakaa Mama Nzeyi. Kiko mudomoni.

Zena akainua jani. Kijani, kubwa, miye niliyekaa kwenye gogo naliona mpaka mushipa wake.

"Ua," akasema Mama Nzeyi.

Zena akabadilisha, akainua mukono mutupu.

"Ua," akasema tena, polepole.

Zena akaja. Mama Nzeyi akamukamata mukono, akamvuta karibu, akamwambia chini chini, lakini sote tulisikia: "Mwana wanje, mutoto wangu. Sema tu nimeona. Utanirudisha kwenye usingizi?"

Zena akaniangalia miye. Nilimuelewa yule mutoto mpaka ndani. Ilikuwa ile ile ya siku ile, mutu mukubwa anayempenda, na neno moja dogo la kumufurahisha. Sikumusaidia. Niliangalia muchanga.

"Hakuona," akasema Zena, na machozi yakamutoka.

Mama Nzeyi alisimamishwa. Siku zile alinichukia, hakunisalimia hata "amahoro". Lakini munganga alipopita alisema ingebaki sindano moja tu au mbili, macho yale yangezimika kabisa, akamupa dawa kidogo kidogo, kwa nafasi ndefu. Leo Mama Nzeyi anaona kivuli, anaona rangi za karibu, anaona moto wa kiko chake. Anasinzia kidogo muchana, hatujui itakuwaje. Sikudanganyi kwamba kila kitu kilikwisha vizuri. Anakuja kwangu, anakaa chini ya michikichi, na miye namuhadithia wale ndege wanafanya nini. Juzi alimuita Zena akamugusa uso wote na vidole.

Mvua ya kwanza ilikuja sindano yangu ya kumi na moja. Ilipiga muchana kutwa, kumbikumbi wakatoka, watoto wakakimbia na vikapu. Asubuhi nilifungua mulango, na milima ya mama yangu ilikuwa imerudi, ya buluu, imekaa pale kama haikwenda popote. Nilimuita kila mutu. Asha akasema, "Mama, tunaijua." Lakini alitoka akasimama na miye.

Sindano zimekwisha sasa. Vidole vyangu bado vina ganzi, na nywele upande huu zilianguka, angalia. Miye nalala usiku, kama watu. Lakini macho, waliniambia, inaweza kubadilika hata baadaye, kwa hiyo kila siku kumi narudi hapa, nakaa kwenye kigoda, na Zena anasimama kwenye muchikichi wa tatu.

Siku moja tukirudi nyumbani nilimuuliza. Nilimuambia, "Zena, na siku ikiwa ni miye? Nikisema ua na weye umeshika jani?"

Alitembea kidogo, anapiga majani na fimbo. Kiisha akasimama mu njia, akanishika mukono.

"Nitasema hakuona, Bibi. Mbele ya watu wote, hata ukiniangalia vibaya. Nakuahidi. Kiisha nitakushika hivi, turudi nyumbani, na njia nzima nitakuambia kila kuku ni wa rangi gani."